Mume Wangu Amegawa Sufuria Zangu, Ati Tuishi na Vitu Vichache

Kukhu, bibi yetu wa ushauri, mulembe.

Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto watatu. Kwetu ni Mbale, kule Vihiga, lakini tunaishi Kisumu, mtaa wa Manyatta, nyumba ya vyumba viwili. Nauza mitumba soko la Kibuye. Mume wangu ni wa Siaya, ameajiriwa katika duka la vipuri vya magari hapa mjini. Si mlevi, hanipigi, na mshahara wake naujua. Nayasema haya mapema ili usidhani nimekuja kumsengenya.

Taabu ilianzia kwenye simu. Kila jioni akishakula anatazama video za mzungu mmoja anayeishi katika chumba cheupe chenye godoro, kiti kimoja na ua ndani ya chupa. Mzungu huyo ana mashati manne. Mume wangu akaanza kuniambia kwamba vitu vinatumaliza, kwamba tunapaswa kuishi kwa makusudi, na kwamba kitu ambacho hujakigusa miezi sita si chako tena. Nilicheka tu. Nilidhani yatapita, maana hata yale ya kufuga sungura yalipita.

Likizo ya Aprili nikaenda nyumbani kwa matanga ya shangazi yangu. Niliporudi nilidhani tumeibiwa. Kabati la sebuleni lilikuwa tupu. Sufuria zangu mbili kubwa, zile za kupikia wageni, hazipo. Sahani dazeni tatu, hotpoti, thamosi nne, blanketi za wageni, katoni ya nguo alizoziacha kitinda mimba wangu, vyote amegawa. Vingine kwa bawabu, vingine kanisani, vingine kwa majirani wa ploti. Yeye ameketi hapo, anatabasamu, ananiuliza, “Unaonaje, Mama Akinyi, si sasa tunapumua?”

Vyombo hivyo, Kukhu, sikuviokota. Niko katika chama cha akina mama kumi na wawili. Kila mwezi tunamtembelea mmoja wetu na kumpelekea vyombo. Sufuria zile nilizipata zamu yangu ilipofika, na nilikwaruza jina langu chini kwa msumari.

Haukupita muda, ami yake akafika kutoka Siaya na watu wengine sita. Walikuwa wametoka kumwona mgonjwa hospitalini, wana njaa. Nikapiga hodi kwa jirani kuazima sufuria. Akanitolea yangu. Tena akaniambia niirudishe kabla ya saa mbili usiku kwa sababu ana maharagwe ya kuchemsha.

Sitasema uongo, nyumba ilikuwa imejaa. Watoto walikuwa wakiandikia kazi ya shule kitandani, na kwenye zile katoni kulikuwa na panya. Kabati lenyewe nililichukua kwa lipa pole pole na bado nalilipa. Na kuna miezi nimekopa kwenye simu ili nisifike kwenye chama mikono mitupu. Lakini mbona asiniulize?

Sasa ametangaza awamu ya pili. Anataka kutoka katika makundi yote ya WhatsApp ya michango, ya matanga, ya harusi, ya hospitali, na mimi niache chama. Ila runinga yake, king’amuzi cha mpira anachokilipia kila mwezi, spika zake na pikipiki mbovu iliyofunikwa turubai koridoni, hivyo havijaguswa.

Je, niende nikadai vyombo vyangu? Niache chama? Na akitoka kwenye makundi hayo, siku yake ikifika nani atamzika?

Aliyeazima Chake,
Kisumu.

*

Mulembe, mjukuu wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu ya yale maharagwe. Pole sana.

Mume wako si mgonjwa, wala hajaingia dini mpya. Anachokitazama kinaitwa minimalizimu, na huko kilikopata nguvu, Marekani na Japani, kina maana kubwa. Marekani kuna watu wanaolipa kodi ya ghala kila mwezi ili kuweka vitu visivyoingia nyumbani mwao, na nyumba zenyewe si za vyumba viwili. Mtu wa namna hiyo akigawa nusu ya mali yake atalala vizuri. Ila angalia jambo moja ambalo video haikuonyesha. Yule wa chumba cheupe akihitaji sufuria kesho, ataiagiza na italetwa mlangoni kabla hajakasirika. Chumba chake ni kitupu kwa sababu duka ndilo stoo yake. Wewe ukihitaji sufuria ya kupikia watu saba, stoo yako ni jirani mwenye maharagwe.

Na kati ya watu wote wa Kisumu, wewe muuza mitumba ndiye ungeweza kumfundisha mume wako mwisho wa vitu vinavyogawiwa. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo za mitumba. Nyingi ni nguo za watu waliosafisha makabati yao huko ng’ambo wakajisikia wepesi. Shati la tano la mzungu yule, lile alilolitoa ili abaki na manne, huenda wewe ndiye uliyelitundika Jumapili iliyopita. Mwambie aje Kibuye siku unapofungua mzigo. Aone kamera, zile nguo bora za mzigo, ikinyakuliwa asubuhi, aone fagia, yale mabaki, jioni inavyobaki chini hata kwa bei ya kutupa, kisha akuambie vitu vya watu vimepungua au vimehama tu.

Lakini sitaki umshinde kwa kumwambia kwamba haya ni mambo ya wazungu matajiri. Si kweli, na akiwa na akili atakujibu. Kwenu Mbale ni karibu na Kaimosi. Wamishonari wa Kikwekeri kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na moja ya nguzo za imani yao ni usahili, mtu asiishi maisha ya mbwembwe. Leo hakuna nchi yenye Wakwekeri wengi kuliko Kenya, na wengi wao ni wa huku kwetu. Zaidi ya karne nzima tunahubiriwa usahili. Kisha ingia sebule yoyote ya Maragoli uhesabu vitambaa: juu ya kila kiti, juu ya runinga, juu ya redio, na hata thamosi imeshonewa kofia. Wageni kutoka nje hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu kitambaa kile hakikuwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba huketi jikoni. Kitambaa ni cha mgeni.

Hapo ndipo mume wako alipopotea njia. Alihesabu vitu vya nyumba akiuliza, “Sisi tunavitumia?” Vingi katika nyumba zetu havikuwekwa kwa ajili ya “sisi.” Sufuria kubwa ni ya mtaa mzima, imelala kwako tu. Matanga yakitokea Vihiga hakuna boma lenye vyombo vya kulisha umati huo. Ni kaunti iliyohesabiwa watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita mraba kwenye sensa ya 2019, na nyumba nyingi ni ndogo. Basi huyu anatoa benchi, yule sufuria, yule sahani ishirini, na kila chombo kina alama chini, rangi ya kucha au mkwaruzo wa msumari kama wako. Vyombo vinazunguka, na kila mtu ana chache.

Sasa nitakuudhi kidogo. Ukilitazama hivyo, sufuria yako bado inafanya kazi yake. Iko ploti ileile, uliiomba ukapewa, watu saba walikula. Mtaa haukupoteza kitu. Wewe ndiye uliyepoteza, na ulichopoteza si chuma bali ni sauti yako. Ulikuwa mtu wa kuazimwa, siku moja ukawa mtu wa kuazima, bila kuulizwa. Anasema anaishi kwa makusudi, na kweli aliyafanya makusudi, ila makusudi yalikuwa ya mtu mmoja na vitu vilikuwa vya wawili. Hilo ndilo la kumwambia, tena kwa maneno machache. Ukianza kuhesabu hotpoti utashindwa, maana kwa hotpoti yeye ana haki.

Ndiyo, ana haki. Thamosi nne kwa watu watano? Na wewe muuza nguo unawekaje katoni ya nguo za mtoto zikiliwa na panya wakati kuna mama Kibuye anazitafuta kila Jumapili? Tunasema akiba haiozi. Blanketi lililofungiwa katoni chini ya kitanda linaoza, mjukuu wangu, tena upesi. Na watoto kuandikia kitandani huku sahani zimekalia meza, hilo lilipaswa kukuuma kabla halijamuuma yeye. Nataka kujua, je, sasa hivi meza wameipata? Hukusema. Kama nafasi ilipatikana na spika ndizo zilizoingia, basi ile haikuwa falsafa.

Sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Katika nyumba kuna vitu vilivyokwisha kulipiwa na kuna vitu vinavyokula. Sufuria yako haiombi chochote. Haina mwisho wa mwezi, haitumi ujumbe, haina riba. Kabati la lipa pole pole linaomba. King’amuzi kinaomba. Bando linaomba. Mkopo wa simu hauombi, unadai. Mume wako alisafisha vile visivyokula kitu, akaviacha vyote vinavyokula, na sasa mna nyumba nyepesi yenye madeni yaleyale. Anafuta vumbi mezani huku mchwa wako kwenye dari.

Kwa watu wa kipato chenu, minimalizimu iko hapo, haiko kabatini. Mama zetu waliijua bila video. Ile gorogoro mnayopimia mahindi sokoni, si ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, wakakataa kuutupa? Hawakuwa na vitu vichache kwa sababu walivipenda vichache. Walikuwa navyo kwa sababu hakuna kitu kilichoingia nyumbani kabla ya kulipiwa.

Kwa hiyo tafuteni jioni moja, watoto wakishalala, mchukue daftari. Msiandike vitu. Andikeni kila kinachotoka mfukoni kila mwezi, chako na chake: kodi, karo, chakula, kabati, king’amuzi, bando la kila mmoja, chama, michango, mikopo ya simu na riba yake. Kila mtu aandike mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu kuna vitu mtu huviona tu akiviandika. Kisha mkate viwili, si kumi. Mimi ningeanza na kabati. Limebaki tupu na bado linalipwa, hata Siaya watacheka wakisikia. Muulize aliyekuuzia kama atalichukua deni likaisha. Akikataa, litafutie mnunuzi, hata kwa hasara ndogo, pesa zimalizie deni. Likiondoka, hapo lilipokuwa pawekwe meza ya watoto.

Chama usikiache. Kibadilishe. Nyinyi ni wanawake kumi na wawili na kila mmoja anaelekea kuwa na thamosi nne, na wengine wanakopa kwenye simu ili wanunue ya tano. Wewe si wa pekee, nakuhakikishia, ni vile hakuna anayesema. Simama kwenye mkutano useme. Kuna vyama vya akina mama ambavyo viliacha zamani kupelekeana hotpoti vikanunua vyombo vya pamoja: hema moja, viti vya plastiki, sufuria kubwa, sahani. Vinawekwa mahali pamoja, mwanachama akipata wageni anachukua bure, mtu wa nje anakodi, na pesa za kukodi zinarudi kwa mzunguko. Kwa njia hiyo chumba chako kinabaki na vyombo vya watu watano, na siku ya wageni una vya watu mia. Baada ya hapo michango ya kila mwezi inaweza kwenda kwa karo, au kwa mzigo wako wa Kibuye. Unakumbuka mwaka 2020, serikali iliposimamisha mitumba kuingia kwa sababu ya korona? Muuza nguo asiye na akiba ya pesa taslimu hakuweza kula thamosi zake.

Lile la makundi ya michango ni zito zaidi, na hapa nakupa haki wewe, kwa sehemu.

Kundi la matanga la kwao asitoke. Huku kwetu mtu akifa mjini anarudishwa nyumbani kuzikwa, na kuna mochari, kuna gari, kuna jeneza, kuna kulisha watu kwa siku kadhaa. Kwa watu wengi lile kundi ndilo bima pekee waliyo nayo. Mtu anayetoka leo akiwa mzima, mwenye kazi, anawaachia wenzake mzigo, na siku yake ikifika hatakuwepo kuona aibu. Wewe ndiwe utakayeiona, umekaa mkekani.

Ila na sisi tumezidisha. Fulana zenye picha ya marehemu, vipaza sauti, mpiga video, wapishi wa kukodi, hema tatu za rangi moja, na kamati inayokutana hotelini kupanga jinsi ya kumzika mtu aliyekosa pesa za dawa. Hapo mume wako angepata pa kutumia ushujaa wake. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alikuwa ameacha neno kwamba asizikwe katika jeneza la mbao. Alipofariki Septemba 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji, gugumaji hilihili linaloziba ziwa lenu hapo Kisumu, kisha mwili ukachomwa kama alivyotaka. Sisemi mumchome ami wa Siaya. Mtafukuzwa na mvua ikinyesha. Nasema yule mama aliamua akiwa hai, akawaambia wanaohusika, na hata heshima ya serikali nzima haikulibadilisha neno lake. Mume wako anayependa maisha ya makusudi achukue karatasi leo, aandike yeye anataka azikwe vipi, jeneza la bei gani, hema ngapi, awasomee ndugu zake. Hilo litawapunguzia gharama kuliko kutoka kwenye makundi kumi.

Michango mingine ipangieni kiasi kwa mwezi, kile mnachokiweza bila kukopa. Kikiisha, mnasema kimeisha. Kwenye matanga ya majirani, mkikosa pesa, nendeni na mikono: chota maji, menya viazi, yeye abebe viti. Kamati za harusi za watu msiowajua vizuri, sherehe za kuzaliwa, karamu za kumkaribisha mtoto ambaye hata hajazaliwa, huko mwache atoke, tena umshike mkono mtoke pamoja.

Vyombo vilivyokwenda kanisani na kwa bawabu usividai. Vimeshatolewa, na aliyepewa hana kosa. Kwa jirani ni tofauti, kwa sababu ana kitu chenye jina lako. Usiende peke yako. Mwende wawili na azungumze mume wako, yeye ndiye aliyetoa: “Mama, nilitoa kitu kisichokuwa changu.” Huenda jirani akairudisha palepale. Akisita, mpeni thamani yake au mumwachie moja mchukue moja. Akikataa kabisa, mafundi wa jua kali wapo, mume wako akununulie nyingine kwa pesa zake, nawe usimsaidie kubeba.

Kabla ya mazungumzo yote hayo, mshukuru kwa panya. Nasema kweli. Mwanamume aliyepanga nyumba kwa nia njema akakuta mke analia hujifunga, na aliyejifunga hasikii. Ukishamshukuru, mkumbushe kanuni yake mwenyewe ya miezi sita na umuulize pikipiki iliwaka lini mara ya mwisho. Mtu anashinda duka la vipuri kutwa nzima, anarudi nyumbani kwa vipuri vingine vilivyofunikwa turubai. Anawajua mafundi wote wa mji huu. Aiuze vipande vipande, koridoni papitike, na pesa hizo zimalizie kabati.

King’amuzi kiache mwisho. Kitaje akishashiba, na hakikisha siku hiyo hakuna mechi.

Kukhu.